Siporo kisha miaka 40: nguvu ya kazi peke yake haitoshi

Kule Beni, ukiona mutu anapita mbio asubuhi, haumuulize kama iko anafanya siporo. Unaangalia nyuma yake, juu ujue ni nini inamufukuza. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji ilianza katika teritware ya Beni, neno «kukimbia» iko na maana moja tu: kufunga nyumba, kubeba watoto, kuenda.

Njo maana asubuhi ya kwanza nilijaribu kukimbia polepole kwenye bulevari Nyamwisi, mama mmoja muuza makaa alisimama, akatua muzigo wake chini, akaniuliza: «Papa, wameingia wapi?»

Nikamuambia: «Hapana mama, ni siporo tu.»

Akaniangalia toka kichwa mpaka viatu, na tumbo yangu akaiona pia. «Siporo, na ule umri? Unatutisha bure.»

Alikuwa na haki. Tangu siku ile, Beni ninatembea tu. Kukimbia ninafanya ndani ya kiwanja cha mupira, fasi kila mutu anaona kama ni muchezo. Lakini sikuacha. Nitaeleza sababu gani.

Usiku nilikuwa wa mwisho

Niko na miaka 46 na ninafanya kazi ya sendika ya wachimbaji. Ninaishi Beni, lakini karibu kila wiki kazi inanipeleka Butembo, kilometa 54. Kwa muda murefu nilifikiri mutu mwenye alianza kupiga nyundo ndani ya shimo akiwa kijana hana lazima ya siporo. Tunasemaka: siporo ni ya watu wa bilo.

Kisha usiku moja masasi ililia karibu na kartie yetu. Tulitoka wote. Bibi yangu alitangulia na mutoto mudogo mugongoni. Mimi, papa wa nyumba, kisha mita mia mbili tu pumzi ilikatika na goti ilikataa. Mutoto wangu wa miaka 12 njo alinirudilia, akanishika mukono, akanivuta. Hatukupatwa na kitu, Mungu asifiwe. Lakini niliona kitu yenye sisi wote tunajua: wakati watu wanatoroka, mwenye kubakia nyuma ni muzee, ni mugonjwa, ni mama mwenye mimba. Sikutaka kuwa kwenye ile liste nikiwa na miaka 46.

Kazi ya nguvu si siporo

Wachimbaji wenzangu wananiuliza: «Weye, mutu anabeba mifuko ya mawe kutwa muzima, unamuletea tena siporo ya nini?» Ni swali nzuri.

Katika mwaka 1953, munganga wa Uingereza mwenye kuitwa Jerry Morris alilinganisha wafanyakazi wa bisi za London zenye gorofa mbili. Shofere anakaa siku nzima. Mukatishaji wa tikiti anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Akakuta mashofere wanapatwa na ugonjwa wa moyo kupita wakatishaji. Kumbe kazi yenye kutembeza miguu inalinda moyo.

Lakini kazi yote haiko sawa. Katika mwaka 2021, watafiti wa Denmark walichapisha matokeo juu ya watu zaidi ya 100.000. Wenye walifanya siporo wakati wa mapumziko walipata faida kwa moyo. Wenye kazi yao ni ya nguvu sana, kwao hatari iliongezeka. Wanaeleza hivi: mutu mwenye anainua vitu vizito masaa mingi, bila mapumziko ya kutosha, tansio yake inabaki juu kutwa, na mwili haupate muda wa kujirudisha. Siporo iko na mwanzo na mwisho. Moyo unapanda, kisha unashuka, kisha unapumzika.

Sasa angalia mubebaji wa mifuko kwenye karieri, ao mama mwenye kutwanga mawe ya dhahabu toka asubuhi. Mugongo na mabega vinafanya kazi moja ileile, vumbi inaingia ndani ya mapafu, na pumziko ni wakati wa kula tu. Akifika miaka 45, mukono uko na nguvu lakini pumzi hakuna. Njo mimi ule.

Na watu wa muji? Butembo imejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1.700. Zamani watu walipanda vilima na miguu. Leo, hata kwa mita mia tano, tunaita motari.

Haijachelewa

Wengi wananiambia: «Ile ilikuwa ya kuanza zamani.» Hapana. Katika mwaka 1990, waganga wa Boston, Marekani, walichukua wazee kumi wa nyumba ya kutunza wazee, wenye umri wa karibu miaka 90, wazaifu kabisa. Wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito na miguu kwa wiki nane. Nguvu ya mapaja iliongezeka zaidi ya mara mbili, na wawili waliacha kutumia fimbo ya kutembelea. Kama miguu ya miaka 90 inasikia mafundisho, ya miaka 46 haina sababu ya kukataa.

Kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya 2020, linaomba mutu mukubwa afanye angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka ao kitu kama ile, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Wenye miaka 65 na zaidi, waongeze mazoezi ya kusimama sawasawa juu wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Namna ya kujua kama unaenda haraka ya kutosha: unaweza kusema na mwenzako, lakini hauwezi kuimba.

Kuanza ni rahisi, kushikilia njo kazi

Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza nilikimbia sana siku ya kwanza, na goti ikavimba wiki mbili. Mara ya pili ilikuwa mvua ya Septemba. Matope ikanipa sababu, na sababu ikafika mwezi moja. Mara ya tatu njo nilielewa kama nia peke yake haifike mbali.

Kumbuka wakati wa Ebola, toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020. Beni na Butembo tulijifunza kunawa mikono, hata watu wenye vichwa vigumu. Ilikuwa juu ya hotuba? Hotuba tulizichoka mbio. Ilikuwa juu ya ndoo ya maji yenye ilikuwa mbele ya mulango. Ulipita pale, mukono ulienda wenyewe. Basi na siporo pia: usiitegemee kwenye kichwa, iweke kwenye mulango. Viatu vyangu vinalala kwenye kizingiti. Nikitoka inje kukojoa, ninavikuta.

Kitu ya pili ni wenzako. Tulifanya siporo yetu kama likelemba. Katika likelemba haukosi siku yako, juu wengine wanakungojea. Tulianza watu kumi na moja, siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu, wakati jua imetoka na barabara iko na watu. Leo tunabaki sita. Mmoja aliacha juu bibi yake alicheka. Wawili walihama. Mmoja alitaka kushinda vijana, akaumia. Mmoja hakusema sababu, na hatukumuuliza. Sita ni wengi.

Kitu ya tatu ni subira. Watafiti wa London walifuata watu 96 wenye kujifunza zoezi mupya, na katika mwaka 2010 wakaandika kama kwa kawaida ilihitaji siku karibu 66 mpaka kitu ijifanye yenyewe. Lakini kwa mmoja ilikuwa siku 18, kwa mwengine ilihesabiwa mpaka 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Tulilazimika kusikia ile neno mapema: siku ulikosa si mwisho, mwisho ni kukosa kurudi.

Tunafanya nini

Hatuna chumba cha mashine. Tunatembea dakika kumi polepole, kisha kumi haraka, kisha tunatafuta kupanda kidogo. Tunakaa kwenye banki na kusimama bila kushika, mara kumi. Tunasukuma ukuta, mara kumi. Tunasimama mguu moja, mukono karibu na ukuta. Wenye wanataka uzito wanainua bido ya lita tano. Mama wawili wa kikundi hawapendi ukuta. Wao wanacheza nzango, na kusema kweli wanatoka jasho kutupita.

Mbele ya kuanza, pita kwenye sentre ya afya wakupime tansio, na sukari kama inawezekana. Kama ulifanya miaka mingi ndani ya vumbi ya mashimo na uko unakohoa, ambia munganga kwanza. Ukisikia kifua kinakamata, kizunguzungu, ao pumzi inakatika bila sababu, simama na uende lopitali. Hakuna mwenye atakucheka.

Sisi wa sendika tunapigania bei ya gramu, tunapigania mbao za kushikilia mashimo. Ni lazima. Lakini hata saa ya pumziko ni ya kupiganiwa, juu mwili unaobeba hiyo kazi yote hauna mwengine wa kuusemea.

Siombe usiku kama ule urudi. Lakini ukirudi, mutoto wangu akimbie mbele. Asirudi kunitafuta.