Mgonjwa Mmoja Kati ya Elfu: Kwa Nini Mwanafunzi wa Udaktari Apelekwe Zahanati

Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi za ulimwengu, mwanafunzi wa udaktari amefundishwa kazi yake kando ya kitanda cha mgonjwa katika hospitali kubwa ya chuo kikuu. Huko ndiko waliko mabingwa, mitambo na maabara. Utaratibu huo una faida zake, wala hapana anayetaka uachwe. Hata hivyo una kasoro moja isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni kasoro ya kisayansi: wagonjwa waliomo wodini si kielelezo halisi cha watu wanaougua.

Mtu anayetaka kuwajua samaki wa bahari kwa kwenda sokoni tu atawajua wale walionaswa na wavu. Wale waliopenya katika matundu hatawaona kamwe, na huenda akaamini kwamba hawapo. Je, wavu wa hospitali humnasa nani?

Watu 1,000 katika mwezi mmoja

Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake wawili, T. Franklin Williams na Bernard Greenberg, walilijibu swali hilo kwa hesabu. Walikusanya takwimu za Marekani na Uingereza, wakakadiria mambo yanayowapata watu wazima 1,000 katika muda wa mwezi mmoja. Kati yao, watu 750 hivi hupata maradhi au jeraha la namna fulani. Watu 250 humwendea daktari walau mara moja. Watu 9 hulazwa hospitalini, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na mtu 1 tu hufika katika hospitali ya chuo kikuu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliirudia hesabu hiyo, safari hii wakiwajumuisha watoto. Picha haikubadilika sana: waliolazwa katika hospitali ya chuo kikuu walikuwa chini ya mtu 1 katika kila 1,000.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayefundishwa wodini peke yake hujifunza kwa yule mtu 1, kisha hutumwa kuwatibu wale 250.

Kipimo kimoja, majibu mawili

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani? Ugonjwa si ni ugonjwa popote ulipo? Ili kulijibu swali hilo, na tuchukue mfano wa kubuni ambao mwanafunzi wa hesabu anaweza kuukagua mwenyewe. Tuseme kuna kipimo kinachowatambua wagonjwa 90 katika kila 100 wenye ugonjwa fulani, na ambacho huonyesha kwa usahihi kwamba watu 90 katika kila 100 wasio nao ni wazima.

Katika hospitali kubwa, ambako watu wamekwisha kuchujwa na madaktari wengine, tuseme nusu ya wanaopimwa wana ugonjwa huo. Katika watu 1,000, wagonjwa ni 500, na kipimo kitawatambua 450. Katika 500 walio wazima, kipimo kitawasingizia 50. Kwa hiyo watakaoambiwa wana ugonjwa ni 500, na kati yao 450 wanao kweli. Daktari akikiamini kipimo, atakuwa sahihi mara tisa katika kumi.

Sasa tukihamishe kipimo hicho hicho hadi zahanati, ambako tuseme watu 10 tu katika 1,000 wana ugonjwa huo. Kipimo kitawatambua 9. Lakini katika 990 walio wazima kitawasingizia 99. Watakaoambiwa wana ugonjwa ni 108, na walio nao kweli ni 9, yaani mtu 1 katika kila 12.

Kipimo ni kile kile, wala mpimaji hakukosea. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa miongoni mwa waliopimwa. Na kanuni hii haihusu mashine tu. Kikohozi, maumivu ya kichwa na maumivu ya kifua navyo ni vipimo vya namna yake, na uzito wa kila dalili hutegemea inatokea wapi.

Daktari aliyezoea hesabu ya wodini, akiitumia zahanati, atawatia hofu watu 11 kwa ajili ya mmoja. Atawapa dawa zenye madhara, na kuwasafirisha mbali kwa gharama wasizozimudu. Lakini kuna kosa la pili, nalo si dogo: daktari aliyechoshwa na maradhi madogo madogo anaweza kumrudisha nyumbani yule mmoja aliye mgonjwa kweli. Ustadi wa daktari wa jumla umo katika kupita baina ya makosa haya mawili, na ustadi huo haufundishiki mahali ambapo wale 11 hawaonekani.

Daktari wa jumla ni mwanasayansi

James Mackenzie, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1853, alifanya kazi ya udaktari wa jumla kuanzia mwaka 1879 katika mji wa viwanda wa Burnley, Uingereza. Alitumia chombo kilichochora juu ya karatasi mapigo ya mshipa wa mkononi pamoja na ya ule wa shingoni. Aliwafuatilia wagonjwa wake wale wale kwa miaka mingi, na kwa njia hiyo akagundua kwamba watu wengi wenye mapigo yanayorukaruka huendelea kuishi bila madhara, ilhali aina nyingine ya mapigo yasiyo na mpango huandamana na moyo kushindwa kazi. Daktari wa wodini, anayemwona mgonjwa kwa siku chache tu, asingeweza kuitambua tofauti hiyo. Mackenzie alikuwa na chombo ambacho hospitali haikuwa nacho: muda.

Mwaka 1948, mwaka ambao Uingereza ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya, Daktari Richard Scott alianzisha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kituo cha kufundishia udaktari wa jumla. Kiliwekwa katika zahanati kongwe ya mji, nacho kiliwahudumia wakazi halisi wa mitaa ya jirani. Mwaka 1963 Scott akawa profesa wa kwanza wa udaktari wa jumla duniani, na kiti chake kikapewa jina la Mackenzie. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa kikiwapeleka wanafunzi wake katika kituo cha afya cha Kasangati, nje ya Kampala, katika miaka ya 1960. Mwaka 1993 Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilishauri vyuo vyote vya udaktari nchini humo vizidishe mafunzo nje ya wodi.

Katika mafunzo ya namna hii, kwanza mgonjwa huombwa ridhaa. Mwanafunzi humsikiliza peke yake, kisha humweleza mwalimu anafikiri nini, na kwa nini. Pale ambapo hakuna dalili ya hatari, hujifunza kumwambia mgonjwa: “Rudi baada ya siku tatu, lakini ukiona hili au lile, njoo upesi hata kama ni usiku.” Kungoja kwa uangalifu namna hiyo ni kipimo pia. Hatimaye huitembelea familia nyumbani, akaona maji yanatoka wapi na moshi wa jiko unakwenda wapi.

Gharama zake ni za kweli. Foleni huenda polepole, chumba cha daktari hakiwatoshi wanafunzi wengi, na mwalimu hana budi kuwa daktari mzuri wa zahanati wala si mgeni aliyetoka wodini. Lakini gharama ya kutofundisha hulipwa na mgonjwa, naye hajui kwamba analipa.

Walimu wa sekondari wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Kila mwanafunzi aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina wala kutaja ugonjwa, kama katika mwezi uliopita alijisikia mgonjwa, kama alikwenda zahanati, na kama alilazwa. Jumlisheni karatasi hizo na mchore mchoro wake. Kisha jiulizeni: daktari aliyewahi kuwaona wale wa safu ya mwisho tu angekuwa amejua nini juu ya darasa lenu?