Ugonjwa wa Kula Kupita Kiasi

Siku ya arusi au sikukuu watu hula wakashiba sana. Huo si ugonjwa. Lakini uko ugonjwa wa kula kupita kiasi. Yafaa tuujue.

Mwaka 1959 daktari Mmarekani, Albert Stunkard, aliandika habari za wagonjwa wanene waliokula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha wakajuta. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikubali kuwa huu ni ugonjwa kamili.

Dalili zake ni hizi. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa mara moja. Hutaka kuacha, lakini hawezi. Hula upesi upesi, hata kama hana njaa, mpaka tumbo linamuuma. Hula kwa kujificha, maana huona haya. Akimaliza hujichukia. Mambo hayo yakitokea angalau mara 1 kila juma kwa miezi 3, ni ugonjwa. Na si lazima mgonjwa awe mnene.

Zamani huko Marekani watu wengi walidhani kuwa magonjwa ya ulaji ni ya wasichana wa Kizungu wenye fedha. Wachunguzi walipowauliza wanawake wa asili mbalimbali, waliona sivyo. Wanawake weusi, na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, huugua kama wenzao weupe. Ila wao hutibiwa kwa nadra zaidi. Daktari asiyewadhania ugonjwa huu hawaulizi, nao kwa aibu hawasemi. Hivyo ugonjwa huendelea.

Je, tumsaidieje mgonjwa? Kwanza, tusimcheke wala kumwita mlafi. Aibu humzidishia kujificha. Pili, tusimnyime chakula. Akishinda na njaa, jioni hula zaidi. Afadhali ale kila siku kwa saa zake. Tatu, tumshauri aende zahanati au hospitali, aeleze yote bila kuficha. Waganga wenye ujuzi huu hutibu kwa mazungumzo. Mgonjwa hujifunza kutambua huzuni au wasiwasi unaomsukuma kula. Wengi hupata nafuu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mlo wa sikukuu na ugonjwa huu vina tofauti gani?
2. Kwa nini kumcheka mgonjwa hakumponyi?
3. Mwenzako akikueleza siri hii, utamjibuje?