Elimu ya Kuchunguza Moto

Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita hupenda kuuliza watakwenda kusoma nini vyuoni. Wengi hutaja udaktari, sheria na uhandisi, na hapo hukoma. Mimi nafundisha Historia, na yule aipendaye huniuliza kwa woga kama itampatia kazi. Apendaye kuchora haulizi kabisa, maana nyumbani amekwisha ambiwa kwamba kuchora si kazi. Basi nimeona yafaa nieleze juu ya elimu isiyojulikana sana kwetu, nayo ni elimu ya kuchunguza moto, yaani kutafuta moto ulianzia wapi na kwa sababu gani. Historia na uchoraji vyote viwili vimo ndani yake.

Natwae mfano wa London. Usiku wa kuamkia mapambazuko ya tarehe 2 Septemba, 1666, moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate Thomas Farriner, njia ya Pudding Lane. Uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Uingereza ilikuwa vitani na Waholanzi na Wafaransa, kwa hiyo watu wakasema wageni ndio waliochoma, na wageni wakapigwa njiani. Mfaransa mmoja, Robert Hubert, alikiri kuwa ndiye aliyeuwasha, akanyongwa Oktoba mwaka ule ule. Baadaye nahodha wa meli iliyomleta alieleza kuwa Hubert alitua London siku mbili baada ya moto kuanza! Na miongoni mwa waliotia sahihi hati ya kumshitaki walikuwamo Farriner na watu wa nyumba yake, ambao wangelaumiwa wao kama asingepatikana mwingine.

Mwanafunzi wa Historia hufundishwa kuuliza: Ni nani asemaye? Alikuwapo? Atapata faida gani tukimsadiki? Maswali hayo matatu yangalimwokoa Hubert. Tena, mwaka 1681 maneno ya kuwalaumu Wakatoliki kwa moto ule yalichongwa katika mnara wa ukumbusho, na hayakufutwa kabisa mpaka 1830.

Ama uchoraji, mchoraji Wenceslaus Hollar alichora ramani ya jiji baada ya moto, akaiacha sehemu iliyoungua nyeupe tupu, hata anayeitazama ajua mara moja ukubwa wa msiba. Hiyo ndiyo kazi ya msanifu wa michoro: kufanya jambo lieleweke kwa jicho. Mchunguzi wa moto naye hana budi kuchora chumba kwa vipimo, aonyeshe kitanda, mlango, waya na mahali alipochukua majivu, ili hakimu asiyefika pale aelewe.

Sasa vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Eastern Kentucky, Marekani, kina shahada ya uchunguzi wa moto, uchomaji wa makusudi na milipuko. Katika masomo ya namna hii mwanafunzi hujifunza kemia, fizikia ya joto, umeme, ujenzi wa majumba na sheria ya ushahidi. Kisha huletwa vyumba vyenye samani, vikachomwa, naye akatakiwa kusoma masalio. Joto na moshi hupanda na kupanuka, hivi kwamba ukutani huachwa alama kama herufi V, ncha yake ikishuka kuelekea kitu kilichowaka. Lakini alama hiyo yaweza kudanganya, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii.

Kwa miaka mingi wachunguzi walirithishana mambo kwa mdomo, kama waganga. Walisema kioo chenye nyufa ndogo ndogo ni dalili ya petroli, na sakafu iliyoungua kwa madoa ni dalili kuwa mtu alimwaga mafuta. Mwaka 1991 moto mkubwa uliunguza vilima vya Oakland, California, na vioo vya namna ile vikaonekana katika nyumba ambazo hakuna aliyezimwagia kitu. Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa kioo hupata nyufa zile kinapokuwa cha moto kikarushiwa maji baridi. Ni wazima moto wenyewe waliozifanya!

Mwaka huo huo, huko Jacksonville, Florida, mtu mmoja alikuwa akishitakiwa kuchoma nyumba walimofia watu sita. Yeye alisema mtoto alichezea kiberiti kwenye kochi. Wataalamu wa upande wa mashitaka, mmoja wao John Lentini, wakaichoma nyumba ya jirani iliyofanana na ile, bila petroli, wapate kumkanusha. Walitazamia chumba kizima kiwake baada ya robo saa au zaidi. Kiliwaka kwa dakika nne na nusu, na sakafu ikabaki na madoa yale yale. Mashitaka yakafutwa. Wengine hawakupata bahati hiyo: Cameron Todd Willingham alinyongwa? La, alidungwa sindano ya sumu, huko Texas mwaka 2004, kwa moto uliowaua binti zake watatu. Wataalamu walioutazama upya ushahidi huo walisema dalili zilizotumika hazikuwa na msingi wa sayansi.

Tangu 1992 kipo kitabu cha mwongozo kiitwacho NFPA 921, kinachomtaka mchunguzi apime kila wazo lake. Nilipendalo zaidi ni kuwa kinamruhusu kuandika kwamba sababu haikujulikana. Tena kutoona chanzo kingine hakuhesabiwi kuwa ni ushahidi kwamba mtu alichoma.

Kwetu, moto ukitokea, kabla majivu hayajapoa utasikia, "Ni hitilafu ya umeme." Huenda. Lakini waya wa shaba uliokatika na kufanya kitone kwenye ncha huonyesha tu kuwa ulikuwa na umeme moto ulipoufikia; haueleweshi kuwa ndio ulioanzisha. Jambo hili latuhusu sisi tulalao mabwenini. Wasichana 42 walikufa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, na wavulana 67 Kyanguli, Kenya, mwaka 2001. Mzazi aliyezika mtoto anastahili kuelezwa kilichotokea, wala si kilichosemwa sokoni.

Tanzania kazi hii hufanywa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pamoja na Polisi. Mwanafunzi anayevutwa nayo ashike Fizikia na Kemia, asiiache Historia, na ajizoeze kuchora chumba chake kwa rula na penseli, vipimo vikiwa sahihi.