Tanuru mbili za umeme, vyungu vya namna moja

Kila anayetoka shimoni anajua: dhahabu ile ile, kwa mnunuzi huyu ni gramu hizi, kwa mwenzake ng'ambo ya barabara ni gramu zingine. Dhahabu haikubadilika, mizani ndiyo mbili. Na tanuru za umeme za kuchomea vyungu ni vile vile. Mama wa hapa Nyalukemba akipata moja ya zamani na ingine mpya kidogo, ataweka digri 1,000 kwenye zote mbili. Chungu cha huku kitatoka kigumu, ukikigonga kinalia. Cha kule kitavuja. Na udongo ni wa shimo moja!

Tusicheke. Mzigo mmoja ukiharibika ni majuma mawili ya kufinyanga, na bili ya umeme juu, katika nyumba ambamo pengine baba yuko Kamituga au Nyabibwe na hajatuma kitu.

Kosa la kwanza ni kuamini ile namba inayowaka mbele ya tanuru. Inasema joto la ncha moja ya kijiti kilichopenya ukutani, basi. Kijiti kikizeeka kinadanganya. Tena namba haisemi udongo umekaa motoni muda gani, na maharagi yanatufundisha kila siku kwamba moto bila masaa hauivishi. Mwaka 1886, kule Berlin, Hermann Seger alitoa vipembe vidogo vya udongo na mawe ya kusaga ambavyo vinalegea na kuinama vikishapata moto wa kutosha. Moto ukipanda taratibu kipembe kinainama mapema. Ukipanda mbio kinangoja digri za juu zaidi. Mpaka leo wafinyanzi wanaviweka kando ya vyombo na kuchungulia. Anayeweza kuagiza na aagize. Asiyeweza, kuko njia ingine, tutaifikia.

Kwanza umeme wenyewe. Wetu wa Bukavu unatoka Ruzizi: mtambo wa kwanza ni wa mwisho wa miaka ya 1950, wa pili ni wa 1989 na tunaugawana na Rwanda na Burundi. Delestaji tumeizoea. Kinachoharibu vyungu kimya kimya ni umeme dhaifu, juu taa inawaka na mtu anadhani mambo ni sawa. Tanuru ya volti 220 ikipata 180, inapoteza theluthi nzima ya nguvu: ya kilowati 3 inabaki kama ya 2. Nyaya zake zikichakaa inapungua tena. Kuwasha zote mbili pamoja kwenye waya mmoja ni kuzinyima chakula zote mbili. Afadhali moja baada ya ingine, usiku, majirani wakisha kuzima resho.

Sasa ile njia. Katika nyumba nyingi za wachimbaji kuko mizani ndogo ya dhahabu. Ndiyo tunayoitaka. Tukate vipande sita vya udongo mmoja, unene mmoja, na kila kimoja tukichore mstari wa sentimita 10 kingali kibichi. Vitatu viingie tanuru hii, vitatu ile: juu, katikati, chini. Vikitoka, tupime mstari kwa rula, maana udongo ulioiva zaidi kwa kawaida unajikunja zaidi. Kiisha tupime uzito vikiwa vikavu, tuvichemshe masaa mawili, tuviache humo humo mpaka maji yapoe, tufute, tupime tena. Kipande cha gramu 50 kikirudi na 56, kimekunywa asilimia 12. Mwenzake akinywa 15 na mstari wake ukabaki mrefu, tanuru yake imetoa moto mdogo, hata namba iseme nini.

Hapo tusiguse zote mbili. Ile inayochoma vizuri tuiache. Kwa ile dhaifu tuongeze dakika 15 kileleni, au digri 10, jambo moja tu kila mara, na tuandike kwenye kaye: tarehe, masaa, umeme ulipokatika, vipande vilikunywa ngapi. Mwishowe huenda moja itakuwa kwa 1,020 na ingine kwa 1,000, na vipande vitakunywa sawasawa. Kama cha juu na cha chini katika tanuru moja vinapishana sana, shida ni ya kupanga, vyombo vimebanana.

Kupoa pia si jambo dogo. Lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, kwarizi, limo ndani ya udongo kama mchanga. Karibu na digri 573 linavimba ghafla, na moto ukishuka hapo linasinyaa. Tanuru yenye ukuta mwembamba inapita hapo mbio, na sahani inapasuka. Ile ya matofali mazito inapoa polepole, nayo inaendelea kuivisha hata ikisha kuzimwa. Ndiyo maana mara nyingi inahitaji dakika chache kileleni kuliko mwenzake. Kifuniko kisifunguliwe kabla ya digri 100, hata mteja akiwa mlangoni.

Na mpaka kaye ijae, mtu akiagiza sahani 12 za namna moja, tuziweke zote 12 katika tanuru moja, hata kama ni kungoja usiku wa pili.