Fishi ya mgonjwa ionekane kila chumba



Siku moja, katika dispansari moja ya Bukavu, nilikuwa na sindano ya penisilini mkononi. Mgonjwa alishikwa na homa kali, hawezi kusema. Fishi yake ilikuwa katika kompyuta ya mapokezi, yenye Windows. Ile ya chumba changu ina Linux, na hizo mbili hazikuonana. Mke wake ndiye aliyepiga kelele: “Muganga, acha! Hiyo dawa ilimvimbisha uso!”

Tukaweka Samba. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992. Inaiwezesha Linux kusema SMB, lugha ambayo Windows hutumia kugawana mafaili. Fishi zote sasa zimo katika mashini ya Linux, na mapokezi wanazifungua kama zao. Wauguzi tu ndio wanaingia, kila mmoja na neno lake la siri. SMB ya zamani, ile ya kwanza, tuliizima: Mei 2017 kirusi WannaCry kilipita humo, hospitali za Uingereza zikafungiwa mafaili yao.

Umeme ukikatika, fishi ya karatasi ingali kabatini. Na mke wa mgonjwa, bado ninamwuliza kwanza.