Mboga za bibi zitakwisha tusipoweka mbegu

Mgagani unaoota nyuma ya nyumba yako ni wa aina gani: ule wa shina la kijani au ule wa shina la zambarau? Kama hujui, muulize bibi. Yeye anajua.

Mboga hii, ambayo Waluo huiita dek na Wakisii chinsaga, ilidharauliwa kwa miaka mingi ikaitwa chakula cha maskini. Sukuma wiki na kabeji zikatawala sahani zetu. Leo mambo yamebadilika. Mgagani, mnavu na mrenda huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Mnamo 2021 shirika la UNESCO liliitambua Kenya kwa juhudi zake za kuhifadhi vyakula vya kiasili.

Lakini tahadhari! Mbegu za dukani ni za aina chache tu. Ile aina ambayo bibi amepanda tangu aolewe huenda haimo katika pakiti yoyote. Akituaga bila kumrithisha mtu, imekwenda naye. Benki ya mbegu iliyoko Muguga huhifadhi mbegu nyingi za kienyeji, lakini haiwezi kufika kila boma.

Basi fanya hivi. Unapochuma, usimalize. Teua miche kadhaa yenye afya, yenye majani mengi na isiyochanua upesi. Ifunge kitambaa ili watoto wasiichume.

Maganda ya mgagani yakigeuka manjano, yavune kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu. Yaanike, yapure, kisha upepete. Kwa mnavu, ngoja matunda yaive kabisa. Yaponde ndani ya maji, uzioshe mbegu zinazozama, kisha uzianike kivulini.

Zikikauka vyema, zitie ndani ya chupa kavu pamoja na majivu, kama wazee walivyofanya kwa vibuyu, na uiweke pahali pakavu pasipo joto. Mbegu za mgagani usizipande mara moja. Zikiwa mpya huota kwa shida. Ziache kwa miezi mitatu au zaidi.

Usisahau kuandika jina na mwaka juu ya chupa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mwisho, mgawie jirani kiasi. Ukame ukiziangamiza zako, utajua mlango wa kubisha.