Copenhagen: Mgeni njoo apone nani?

MFANYABIASHARA anayepita Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa siku mbili huona jambo moja upesi: kila kivutio kina foleni, na kila foleni inatoa fedha. Lisiloonekana ni mfuko ambao fedha hizo zinaishia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji huu mwekezaji mdogo hana budi kuuliza kwanza mwenyeji ni nani, maana vivutio vingi havina hisa ya kununua, na vichache vyenye hisa vina masharti yake.

Kabla ya matembezi, hesabu ya mfukoni. Denmark haitumii euro. Sarafu yake ni krone, lakini imefungamanishwa na euro kwa kiwango cha karibu krone 7.46 kwa euro 1, hivyo bei haziyumbi sana kwa mwenye euro. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 25, nayo tayari imo ndani ya bei iliyoandikwa kwenye menyu. Katika kila krone 100 zinazolipwa mezani, 20 ni za serikali kabla mwenye mgahawa hajagusa chake.

SOKO LILILOUNGUA

Watu wa biashara huanzia kisiwa cha Slotsholmen, lilipo jengo la Børsen. Mfalme Christian IV alilijenga katika karne ya 17 ili mji uwe kituo cha biashara, na biashara ya hisa iliendelea humo hadi mwaka 1974. Aprili 16, 2024, wakati likikarabatiwa, jengo lilishika moto na mnara wake wa majoka manne yaliyosokotana mikia ukaanguka.

Wengi hudhani jengo hilo ni mali ya serikali. La hasha. Wafanyabiashara wa mji walilinunua mwaka 1857, na leo lipo chini ya chama cha wafanyabiashara, Dansk Erhverv. Hasara ya moto ule, na kazi ya kulijenga upya, vimeangukia mlango wa mwenye mali.

MFEREJI WA NYHAVN

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Nyhavn, mfereji uliochimbwa katika miaka ya 1670 ili meli zifike katikati ya mji. Mwandishi wa hadithi H.C. Andersen aliishi katika nyumba tatu tofauti za mtaa huo. Kwa miaka mingi ulikuwa mtaa wa mabaharia na baa za sifa mbaya. Magari yalipoondolewa mwaka 1980, meza zilitolewa nje na mtaa ukageuka sura.

Wenyeji wana ujanja wao. Wananunua bia dukani na kuketi ukingoni mwa mfereji, kwani kunywa hadharani si kosa. Mgeni anayekaa mezani hailipii bia tu, analipia na kiti.

TIVOLI: HISA NA MVUA

Mkabala na stesheni kuu ya reli ipo bustani ya burudani ya Tivoli, iliyofunguliwa Agosti 15, 1843. Mwanzilishi wake, Georg Carstensen, anasimuliwa kuwa alimshawishi mfalme kwa hoja kwamba watu wakiburudika hawafikirii siasa. Treni yake ya mbao ya kupanda na kushuka imefanya kazi tangu mwaka 1914.

Hapa mwekezaji mdogo anaweza kuingia, maana Tivoli ni kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Copenhagen. Miongoni mwa madirisha ya mapato ya kampuni ni haya mawili: kiingilio cha getini, na tiketi za bembea na treni za ndani. Usiku wa Ijumaa majira ya kiangazi kuna matamasha ya muziki, yaliyoanza mwaka 1997, ambayo yamo ndani ya kiingilio. Muziki unavuta watu, nayo migahawa inavuna.

Udhaifu wa biashara hii ni hali ya hewa. Kiangazi cha mvua kinapunguza wateja, na bustani haifunguliwi mwaka mzima. Ndiyo maana kampuni iliongeza msimu wa Krismasi mwaka 1994 na wa Halloween mwaka 2006. Gharama za kudumu zikapata miezi zaidi ya kugawanywa. Hata hivyo, mwaka 2020 ugonjwa wa Covid-19 ulichelewesha ufunguzi na kuleta hasara.

Aidha, hisa nyingi zimo mikononi mwa wanahisa wakubwa, ikiwemo kampuni ya Chr. Augustinus Fabrikker yenye asili ya biashara ya tumbaku. Mwenye hisa chache anapata gawio likitangazwa, lakini uamuzi hauko kwake.

USIKU WA VESTERBRO

Nyuma ya stesheni unaanza mtaa wa Vesterbro. Kødbyen, yaani mji wa nyama, ni eneo la machinjio na maghala ya nyama ambalo leo limejaa migahawa, baa na kumbi za disko. Vigae vyeupe na kulabu za nyama vimeachwa kuwa mapambo. Mwenye eneo ni halmashauri ya jiji, na wenye baa ni wapangaji. Mtindo ukibadilika, mpangaji hupoteza mtaji wake, lakini mwenye nyumba hutafuta mpangaji mwingine.

Bia yenyewe ina hadithi yake. J.C. Jacobsen alianzisha kiwanda cha Carlsberg mwaka 1847, na mwaka 1876 akaunda mfuko wa wakfu wa kusaidia sayansi. Mwanawe Carl ndiye aliyeuzawadia mji sanamu ya Nguva Mdogo mwaka 1913. Hisa za Carlsberg zinauzwa sokoni kwa yeyote, lakini ziko za aina mbili: hisa A ina kura 20 na hisa B ina kura 2. Kwa njia hiyo wakfu unashika kura nyingi kuliko mtaji uliouweka.

HISA ISIYO NA GAWIO

Kituko cha mwisho ni Christiania, kambi ya zamani ya jeshi iliyovamiwa na vijana mwaka 1971. Wakazi walipokubaliana na serikali kununua eneo hilo kwa mfuko wao, waliuza “hisa za wananchi” kuchangisha fedha. Hisa hizo hazina gawio wala kura, wala haziuzwi sokoni. Ni karatasi ya kutundika ukutani.

Biashara haramu ya bangi ndiyo iliyolitia eneo hilo doa. Baada ya mauaji ya risasi ya Agosti 2023, wakazi waling’oa mawe ya barabara ya Pusher Street kwa mikono yao Aprili 2024. Waliona kuwa soko lile liliwaletea wauza bangi faida na kuwaachia wakazi hatari.

FUNZO KWA MWENYE AKIBA

Usiku unapokwisha, treni ya chini ya ardhi isiyo na dereva, iliyoanza mwaka 2002, hufanya kazi saa 24. Nayo ina daftari lake: deni la ujenzi wa awali lilipangwa kulipwa kwa kuuza viwanja vya Ørestad, ambavyo treni hiyo hiyo ilivipandisha thamani. Aliyefaidika na reli alichangia reli.

Msongamano wa watu mlangoni si gawio. Kabla ya kununua hisa ya kampuni ya burudani, popote ilipo, mwenye akiba ndogo aulize mambo matatu: nani mwenye ardhi, nani mwenye kura, na nani anayebeba hasara mvua ikinyesha. Akikosa jibu kwa swali moja, anunue tiketi, si hisa.